Kabla ya Kununua Kamera, Jifunze Mwanga

Somo la kundi la wakubwa (miaka 11 na kuendelea). Lisomwe nyumbani pamoja na wazazi.



Kama mnavyojua, muhula huu kundi la wakubwa lina kazi moja kubwa. Kila mwanafunzi atampiga picha mzee mmoja wa familia au jirani, kisha ataandika ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya maisha ya mzee huyo. Picha na maandishi tutavitundika ukumbini Jumamosi ya mwisho. Tangu tutangaze kazi hii, wazazi wananiuliza swali lile lile: "Mwalimu, tununue kamera gani?" Baba mmoja alinipigia simu akiwa ameshasimama dukani, mbele ya kamera ya zaidi ya pauni 900, akitaka kujua kama hiyo itatosha. Nikamwambia, "Baba, rudi nyumbani na hela yako. Nitaandika somo."

Somo lenyewe ndilo hili. Mimi si mpiga picha wa kulipwa, mimi ni muuguzi. Ninayoyaandika nimejifunza kwa kukosea, na kosa langu lilinigharimu kitu ambacho hela haikirudishi.

Picha 640 za mama

Mwaka 2016 nilikuwa nakwenda nyumbani Muheza baada ya miaka mitano. Nilifanya zamu za usiku za ziada kwa miezi mitatu, nikanunua kamera nzuri na lenzi mbili. Nilipofika nilipiga kila kitu: mama anapika, mama amekaa sebuleni dirisha likiwa nyuma yake, mama na wajukuu uani chini ya jua la saa saba mchana. Baadaye nilihesabu, zilikuwa picha 640. Kamera niliiweka kwenye otomatiki tangu uwanja wa ndege na sikuigusa tena. Niliamini kwamba kwa bei ile itajua yenyewe la kufanya.

Mama alifariki mwaka 2018. Usiku ule wadogo zangu walinipigia: "Dada, tafuta picha nzuri ya mama, ya kuweka kwenye fremu ibebwe mbele ya jeneza." Nilikaa kitandani hapa Uingereza nikafungua picha zote 640. Za sebuleni, dirisha lilitoka vizuri na uso wa mama ulikuwa kivuli. Za uani, macho yake yalikuwa mashimo mawili meusi chini ya paji la uso. Za jikoni, kamera ilitikisika na sura ikavurugika. Kanga yake niliipata mpaka maandishi yanasomeka, lakini mama mwenyewe sikumpata.

Picha iliyobebwa siku ile ilipigwa na kijana wa jirani aliyekuwa akituletea machungwa, kwa simu ndogo ambayo kioo chake kimepasuka. Nilikuwepo alipoipiga. Alimwamkia, "Shikamoo bibi," kisha akamwambia, "Bibi, hebu sogea hapa barazani, huko ndani giza." Akamkalisha kivulini, uso ukitazama nje. Akasogea karibu, akamwuliza habari za jogoo wake aliyekuwa akiwasumbua majirani alfajiri. Mama akacheka, kijana akabonyeza. Mara moja tu, maana simu yake ilikuwa imejaa.

Kijana yule alijua mwanga uko wapi, na alijua kuzungumza na mzee. Mambo hayo mawili ndiyo nataka tujifunze.

Kamera haimjui bibi yako

Kwa nini kamera ghali ilimgeuza mama kuwa kivuli? Kila kamera, ya simu na ya kuning'iniza shingoni, ina kipimo cha mwanga. Kwa kawaida kipimo hicho hutazama mwanga unaotoka kwenye vitu vilivyomo ndani ya fremu, kisha hurekebisha ili wastani wake uwe kijivu cha katikati, si nyeupe wala nyeusi. Dirisha likiwa linang'aa nyuma ya mtu, kipimo huona mwanga ni mwingi mno, kinapunguza. Dirisha linapendeza, mtu anazama gizani. Ndivyo inavyokuwa pia kwa kanzu nyeupe siku ya Idi, kwa shela ya bibi harusi, na kwa theluji ya huku. Simu za sasa hujaribu kutambua sura ya mtu, na zinasaidia, lakini nazo hukosea.

Kwetu sisi kosa hili huonekana mapema zaidi. Uso mweusi hurudisha mwanga kidogo kuliko uso mweupe, kwa hiyo kamera ikipunguza mwanga, uso mweusi ndio unaotangulia kupotea. Wazee wetu walilijua hilo. Enzi za filamu za rangi, maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa "Shirley", na kwa miaka mingi hazikuwa na mtu mweusi hata mmoja. Ndiyo maana katika albamu za zamani unamwona shangazi kwenye picha ya shule, meno na kola vimetoka safi, sura haina umbo.

Kazini kwangu tuna kifaa kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni ya damu. Imethibitika kwamba kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi kifaa hicho kinaweza kuonyesha oksijeni ni nyingi kuliko ilivyo. Kwa hiyo muuguzi hasomi namba peke yake. Anatazama anavyohema, anamsikiliza anavyozungumza, anamgusa. Mashine inatoa jibu, lakini anayepaswa kuuliza kama jibu hilo linalingana na mtu aliyelala pale kitandani ni wewe. Kwenye kamera ni hivyo hivyo. Tazama kioo, kisha jiulize: huyu ndiye bibi ninayemwona kwa macho yangu?

Ndoo ya maji

Sasa tuelewe kamera inavyofanya kazi. Fikirini picha ni ndoo na mwanga ni maji. Tunataka ndoo ijae, isipungue wala isimwagike. Kuna mambo matatu ya kurekebisha.

La kwanza ni tundu la lenzi. Huo ni upana wa bomba. Tundu likiwa pana, mwanga mwingi unaingia kwa mara moja. Kwenye simu nyingi tundu hili halibadiliki.

La pili ni muda wa shata. Huo ni muda ambao bomba linaachwa wazi. Shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde huingiza mwanga karibu mara mbili ya 1/125. Lakini bomba likikaa wazi muda mrefu, kila kinachotikisika huandikwa pichani. Mtoto anayekimbia hutoka kama moshi, na mkono wako ukitetemeka picha nzima huvurugika. Ndiyo yaliyotokea kwenye picha zangu za jikoni.

La tatu ni ISO. Hapa hatuongezi maji, tunakuza tu kile kidogo kilichoingia. Ni kama kuongeza sauti ya redio wakati stesheni haishiki vizuri: sauti inapanda na mikwaruzo inapanda nayo. Kwenye picha mikwaruzo hiyo huonekana kama chenga. Ukipiga chumbani usiku kwa taa moja, chenga zile ndizo hizo.

Mambo yote matatu yana gharama yake. Njia ya nne ni ya bure: mpeleke mzee kwenye mwanga. Aliyekaa mita moja kutoka dirishani anapata mwanga mwingi kuliko aliyekaa kwenye kona ya mwisho ya chumba. Hakuna lenzi itakayokupa hilo kwa bei ya kusogeza kiti.

Hesabu ya megapikseli

Wauzaji hupenda sana neno hili. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya kuweka kwenye albamu ina upana wa inchi 4 na urefu wa inchi 6. Uchapaji mzuri unahitaji nukta kama 300 kwa kila inchi. Fanyeni hesabu pamoja nami: 4 mara 300 ni 1,200, na 6 mara 300 ni 1,800. Ukizidisha 1,200 kwa 1,800 unapata 2,160,000. Yaani nukta milioni mbili na kidogo zinatosha albamu nzima ya familia.

Karatasi ya A4, ambayo ndiyo tutakayotundika ukumbini, inahitaji nukta 2,480 kwa 3,508, karibu milioni 8.7. Simu nyingi za miaka ya karibuni zina milioni 12 au zaidi. Kwa hiyo simu iliyoko mfukoni mwa mama yako inatosha na kubaki. Hata hivyo, nukta zikiwa nyingi kiasi gani, haziwezi kumwasha mtu aliyekaa gizani.

Mtoto wa Dar es Salaam na sanduku lake

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza, akiwa bado mtoto wa shule, ilikuwa Brownie ya mtumba. Brownie ya kwanza kabisa ilianza kuuzwa mwaka 1900 kwa dola 1 ya Marekani, na zile za sanduku zilizofuata hazikuwa tata sana: lenzi nyepesi, kasi ya shata kimsingi moja, hakuna fokasi ya kurekebisha. Ukiwa na kamera kama hiyo unalazimika kujua jua liko upande gani, na usimame umbali gani. Usipojua, hupati kitu, na filamu imekwisha.

Mwaka 1963 alianzisha studio yake, Camerapix, pale pale Dar es Salaam. Oktoba 1984 filamu aliyoipiga Ethiopia wakati wa njaa ilionyeshwa na BBC, na dunia nzima ikaamka kuchangia. Mwaka 1991 alipoteza mkono mmoja katika mlipuko Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Ni kweli kwamba baadaye alitumia kamera bora za wakati wake. Lakini alizikuta macho yake yameshafunzwa na sanduku. Mimi nilianza na kamera bora, macho nikayaacha nyuma.

Mambo saba ya kufanya

1. Futa lenzi. Simu inakaa mfukoni, inashikwa na vidole vyenye mafuta. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Picha nyingi mnazosema "zina ukungu" zina uchafu tu.

2. Tafuta mwanga kwanza, halafu mwite mzee. Mkalishe ubavuni mwa dirisha au mlangoni, uso ukielekea kwenye mwanga, na wewe mgongo wako uwe karibu na dirisha. Kumbukeni kwamba mwezi wa Desemba huku jua linazama kabla au karibu na saa kumi jioni, kwa hiyo pigeni picha asubuhi au mchana. Zimeni taa ya dari, maana rangi yake huchanganyika na ya dirishani.

3. Nje penye jua kali, ingieni kivulini. Chini ya mti au ukumbi wa nyumba, mwanga ni laini na macho yanaonekana.

4. Gusa uso wa mzee kwenye kioo cha simu. Simu itapima mwanga wa uso badala ya dirisha. Bado ukiwa mweusi mno, tafuta alama ya jua au ya kujumlisha na kutoa, ongeza kidogo. Simama pale unapoona rangi ya ngozi ni ile unayoijua. Usimfanye awe mweupe.

5. Sogea kwa miguu. Kuvuta picha sana kwa vidole ni kukata tu kipande cha picha na kukikuza. Lakini usimkaribie mno, pua itakuwa kubwa kuliko yeye. Hatua mbili za mtu mzima zinatosha.

6. Tulia. Bana viwiko mbavuni, egemea ukuta, toa pumzi, ndipo ubonyeze.

7. Tazama nyuma ya kichwa chake. Nguzo isimwote utosini, na kamba ya nguo isimkate shingo.

Je, kamera ghali haina kazi?

Ina kazi. Ukitaka kupiga ndege aliye mbali, mpira wa miguu usiku, au harusi kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu, kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi yenye tundu pana itakusaidia pale simu inaposhindwa. Mwanafunzi akishapiga kwa simu mwaka mzima, akaweza kunieleza ni kitu gani hasa simu yake imeshindwa kufanya, huyo mnunulieni, hata ya mtumba. Kamera yangu bado ninayo na sasa ninaipenda. Wa kulaumiwa si kamera, ni mimi niliyedhani nimeshalipia ujuzi dukani.

Lugha ya kumwomba mzee

Wengi wenu mnasema "nimechukua picha". Hata nyumbani siku hizi wapo wanaosema hivyo. Lakini kwa Kiswahili kizuri picha hupigwa. Aliyechukua picha ya bibi ameitoa ukutani akaondoka nayo, na bibi atamtafuta! Zingatieni pia kwamba neno "picha" likikatwa maana inageuka: "nimempiga bibi" ni habari ya polisi, "nimempiga bibi picha" ni habari njema.

Usimpige mzee picha kabla ya kumwamkia na kumwomba ruhusa. Mfano:

Mjukuu: Shikamoo bibi.
Bibi: Marahaba mjukuu wangu, hujambo?
Mjukuu: Sijambo bibi. Naomba nikupige picha, ni kazi ya shule ya Kiswahili.
Bibi: Mimi na uzee huu? Ngoja basi nijifunge kanga nyingine.
Mjukuu: Haya bibi, nakusubiri. Tutakaa hapa karibu na dirisha, kuna mwanga mzuri.

Mwacheni abadili kanga. Na akikataa, mshukuruni, mkae naye mzungumze. Piga picha ya mikono yake, kikombe chake cha chai au viatu vyake mlangoni, kama ataridhia.

Msamiati

Mpiga picha: mtu anayepiga picha.
Kusafisha picha: kuitoa picha kutoka kwenye filamu kwa dawa.
Lenzi: kioo cha kamera kinachopitisha mwanga.
Shata: pazia dogo linalofunguka na kufunga ili kuingiza mwanga.
Kihisi: sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga mahali pa filamu.
Chenga: vinukta vya ovyo vinavyochafua picha.
Mtumba: kitu kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine.
Baraza: sehemu ya kukaa mbele ya nyumba.

Maswali ya ufahamu

1. Kwa nini picha za sebuleni zilimwonyesha mama wa mwalimu kama kivuli?
2. Taja mambo mawili aliyoyafanya kijana wa jirani kabla ya kupiga picha.
3. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kuongeza ISO na kufungua tundu la lenzi.
4. Picha ya inchi 8 kwa 10 inahitaji nukta ngapi, ukitumia 300 kwa inchi?
5. Tunga sentensi mbili zinazoonyesha tofauti ya "kuchukua picha" na "kupiga picha".

Kazi ya nyumbani

Wiki hii msianze na mzee. Anzeni na mtu yeyote wa nyumbani, au hata chungwa mezani. Pigeni picha tatu za kitu hicho hicho kwa simu ile ile: moja dirisha likiwa nyuma yake, moja dirisha likiwa ubavuni, moja dirisha likiwa nyuma yenu ninyi mnaopiga. Andikeni sentensi tano kueleza mlichokiona. Jumamosi tutazitazama kwa pamoja.

Wiki ijayo ndipo mtakwenda kwa wazee. Wazazi, tafadhali msiahirishe siku hiyo kwa sababu ya kusubiri kifaa. Wale ambao bibi na babu zao wako mbali wanaweza kumwomba binamu aliyeko kule apige, lakini mwanafunzi ndiye atakayemwelekeza kwa simu, kwa Kiswahili: kiti kikae wapi, uso uelekee wapi, bibi aulizwe habari gani ili acheke.

Tuonane Jumamosi, na simu mje nazo zimechajiwa.

Mwalimu wenu wa kundi la wakubwa